Springi Zilizochoka na Pikapu Inayorusha: Nini Hasa Kinachoumiza Kiuno?

Karibu kila mwenye pikapu iliyovuka miaka 25 barabarani amewahi kutangaziwa hukumu hii na fundi aliyeegemea bodi ya gari: "Springi zimechoka." Hukumu hiyo hutolewa haraka, mara nyingi kabla gari halijapigwa jeki, na dawa yake hutajwa haraka vilevile, yaani kuongeza bamba moja au mawili kwenye kila springi ya nyuma. Mimi nimeipokea hukumu hiyo na nimeilipia. Pikapu yangu ni Toyota Hilux ya kizazi cha tano, ile ijulikanayo kwa namba LN106, yenye injini ya dizeli ya lita 2.8 na springi za mabamba mbele na nyuma, na kazi yake kwa miaka mingi imekuwa kubeba viazi kutoka shambani hadi Njombe mjini. Ilipoanza kunirusha kupita kawaida, nilikubali bamba moja liongezwe kila upande. Nyuma ya gari ikanyanyuka na kupendeza kwa kuitazama, lakini safari ya kwanza ya kurudi shambani bila mzigo ilinirudisha nyumbani nikiwa na maumivu ya kiuno makali kuliko ya zamani.

Tangu hapo nimejitahidi kulielewa jambo hili kwa undani, kwa sababu swali la kama springi kuukuu huathiri starehe ya safari lina jibu la ndiyo, lakini ni ndiyo ya aina ambayo wengi wetu hatuitarajii. Wengi hudhani kwamba springi iliyochoka huwa laini, kama godoro lililobonyea, na kwamba ulaini huo ndio unaoleta kurushwa. Ukweli ni kwamba springi iliyochoka kwa kawaida haijalainika. Imefupika kimo, na kilichopotea ni nafasi ya kusafiria kwenda juu na chini. Tofauti hiyo inaonekana ndogo katika maneno, lakini ndiyo inayoamua iwapo fedha yako itaponya gari au itaongeza ugonjwa.

Tuanze na chuma chenyewe. Springi ya mabamba ni fungu la vipande bapa vya chuma vilivyopinda kama upinde, kirefu kuliko vyote kikiwa juu na vingine vikipungua urefu kadiri unavyoshuka, na vyote vimebanwa katikati kwa senta boliti na kufungwa kwenye ekseli kwa boliti zenye umbo la U. Ugumu wa fungu hilo, yaani ni kilo ngapi zinahitajika ili lipinde kwa milimita moja, hutegemea upana, unene, urefu na idadi ya mabamba, pamoja na ugumu wa asili wa chuma. Ugumu huo wa asili haubadiliki kwa umri. Haubadiliki hata chuma kikipikwa na kuzimwa, yaani kupashwa moto mkali na kupozwa ghafla. Chukua kipande cha chuma laini cha kawaida na kipande cha chuma cha springi, vyote vya unene, upana na urefu uleule, uvibane kwenye jiliwa na kuning'iniza uzito mdogo ulio sawa mwishoni mwa kila kimoja: vitapinda karibu sawasawa. Kinachokitofautisha chuma cha springi ni kwamba ukiongeza uzito mara nyingi zaidi, chenyewe kitarudi pale kilipokuwa, wakati kile cha kawaida kitabaki kimepinda.

Lakini hata chuma cha springi kina mwisho wa subira. Kila kinapobebeshwa mzigo unaokaribia kikomo chake, hasa gari likiwa limejazwa na wakati huohuo likatumbukia shimoni, sehemu ndogo sana ya ule upinde hairudi. Kukosa kurudi huko hakuonekani kwa siku moja wala kwa mwaka mmoja. Baada ya miaka 20 ya gunia la ziada na shimo la ziada, upinde umenyooka kwa sentimita kadhaa, na gari limelala. Hiyo ndiyo maana ya kweli ya neno kuchoka katika springi ambayo haijavunjika wala kuliwa na kutu: kilo zilezile zinaipinda kwa milimita zilezile, ila inaanza kupinda ikiwa tayari iko chini.

Hesabu ndogo itaonyesha uzito wa jambo hili, nami naomba msomaji anivumilie kwa aya mbili, maana bila hesabu mjadala huu hubaki kuwa wa maneno. Tuchukue pikapu ya mfano ambayo kila springi yake ya nyuma hupinda milimita moja kwa kila kilo 4. Gari likiwa tupu, kila springi imebeba kilo 250, na kati ya ekseli na ile raba nene iliyofungwa chini ya chesisi ili vyuma visigongane kuna nafasi ya milimita 140. Weka mzigo unaoiongezea kila springi kilo 225: gari litashuka milimita 56, na itabaki nafasi ya milimita 84. Gurudumu likipanda tuta linalolisukuma juu kwa milimita 60, springi italimeza tuta hilo na bado nafasi itabaki. Sasa chukua gari hilohilo baada ya springi kuchoka na kupoteza kimo cha milimita 40. Likiwa tupu lina nafasi ya milimita 100, likiwa na mzigo uleule lina milimita 44, na tuta lilelile la milimita 60 sasa linaipeleka ekseli hadi kwenye raba kwa kishindo. Ukizidisha mzigo hadi kilo 450 kwa kila springi, gari linahitaji kushuka milimita 112 wakati nafasi iliyopo ni 100 tu, maana yake ni kwamba ekseli inaegemea raba hata gari likiwa limesimama. Kuanzia hapo hakuna springi tena inayofanya kazi. Chesisi, kiti na uti wa mgongo wa dereva vinabebwa na kipande cha raba chenye ugumu mkubwa mara nyingi kuliko springi.

Hesabu hiyohiyo inatueleza kitu kingine ambacho madereva wanakijua kwa miili yao. Gari lililokalia springi lina mwendo wake wa asili wa kunesa, na kasi ya mwendo huo hutokana na ugumu wa springi ukilinganishwa na uzito ulio juu yake. Kwa namba za mfano wetu, nyuma ya pikapu tupu hunesa mara 2 kwa sekunde, ikiwa na nusu ya mzigo hunesa takriban mara 1.5, na ikijazwa hukaribia mara 1.2. Mwili wa binadamu huustahimili vizuri mwendo wa kati ya mara 1 na 1.5 kwa sekunde, na huchoka kadiri kasi hiyo inavyopanda. Ndiyo maana pikapu yenye magunia manne matano hutulia barabarani kuliko ikiwa tupu, na ndiyo maana pikapu tupu hurusha hata siku inapotoka kiwandani. Springi zake zilitengenezwa kwa ajili ya tani moja, si kwa ajili ya dereva peke yake na jeki nyuma ya kiti. Mtu anayelalamika kwamba Hilux yake ya mwaka 1992 inarusha ikiwa tupu, kwanza ajiulize iwapo imewahi kutorusha.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa langu. Kuongeza bamba kunanyanyua gari na kurudisha nafasi iliyopotea, hilo ni kweli, lakini pia kunaongeza ugumu wa springi, na ugumu ukiongezeka wakati uzito ni uleule, mwendo wa kunesa unazidi kuwa wa haraka na wa kukatakata. Nilikuwa na gari linalogonga likiwa na mzigo, nikaligeuza kuwa gari linalorusha likiwa tupu, na kwa kuwa nusu ya safari zangu ni za kurudi shambani bila kitu, nilinunua adhabu kwa fedha yangu.

Nimetumia maneno kugonga na kurusha kwa makusudi. Lugha yetu ya gereji ina maneno kadhaa ya mateso ya gari, na ni hasara kubwa kwamba tunayachanganya, maana kila moja linaelekeza mahali tofauti. Dereva anayesema gari linagonga anaeleza kishindo kimoja kizito, kama nyundo juu ya meza, kinachokuja gurudumu linapoingia shimoni au kuvuka tuta: huyo aangalie kimo cha springi na ile raba. Anayesema gari linadunda, yaani limevuka tuta na bado linapanda na kushuka mara tatu nne huku limeshaondoka hapo, huyo ana tatizo la shokapu, na springi mpya hazitamsaidia chochote. Anayesema gari linayumba, nyuma inataka kwenda upande wake kwenye kona au upepo unapolipiga, aangalie bushi, yaani zile raba za kwenye maungio ya springi, senta boliti na yuboliti, zile boliti zenye umbo la U, kabla ya kitu kingine. Na anayesema linatetema, kila kokoto analisikia kwenye usukani na kitini hata kwenye barabara iliyo nzuri, apime kwanza upepo wa tairi zake, kisha atazame kutu baina ya mabamba.

Shokapu inastahili maneno zaidi, kwa sababu ndiyo inayolaumiwa kidogo kuliko inavyostahili. Springi inahifadhi nguvu ya tuta na kuirudisha, haiwezi kuila. Kazi ya kuila nguvu hiyo na kuigeuza kuwa joto ni ya shokapu, ambayo ndani yake mafuta hulazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo. Sili yake ikikatika na mafuta yakavuja, springi inabaki peke yake ikirusha gari juu na chini hadi ichoke yenyewe. Kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa gurudumu linadunda kabla halijatua kutoka kwenye mdundo uliopita, na linatumia muda mwingi hewani. Dereva huhisi nyuma inateleza kana kwamba kuna matope, na akirudi mjini anaambiwa springi zimechoka. Namna ya zamani ya kusukuma kona ya gari kwa uzito wa mwili na kuiachia bado ina maana: gari linatakiwa lipande, lishuke mara moja na kutulia. Kwenye pikapu kipimo hicho kina udhaifu wake, kwani springi za nyuma ni ngumu na mtu mmoja anaweza asizisogeze kiasi cha kutosha, hivyo ni vizuri zaidi kuifungua shokapu upande mmoja na kuivuta kwa mkono. Ile nzima inapinga mkono wako kwa usawa mwanzo hadi mwisho, ilhali iliyokufa ina mahali inapopita bila upinzani wowote, kama droo ya kabati.

Msuguano kati ya bamba na bamba nao ni sura nzima ya habari hii. Mabamba yanapopinda, kila moja huteleza kidogo juu ya lililo chini yake, na mtelezo huo hula sehemu ya nguvu ya mtikisiko, jambo ambalo kwa kiasi chake ni zuri. Lakini mabamba yaliyoshikana kwa kutu hayatelezi mpaka yasukumwe kwa nguvu kubwa. Kwenye vituta vidogo na kokoto, fungu zima linakuwa kama kipande kimoja kinene cha chuma kisichopinda kabisa, na mtikisiko wote unapita moja kwa moja hadi chesisi. Hapa ndipo penye kinaya cha pikapu kuukuu, hasa zilizoishi Tanga, Mombasa au Dar es Salaam ambako hewa ina chumvi, na zile zilizokuja kutoka sehemu za Japani ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji: gari moja linaweza kuwa gumu mno kwenye matuta madogo kwa sababu ya kutu, na wakati huohuo likagonga kwenye matuta makubwa kwa sababu springi zimelala. Dereva analiona kama tatizo moja, kumbe ni mawili.

Kutu ina madhara mengine yanayopingana na hayo. Ugumu wa bamba hufuata unene wake kwa nguvu ya tatu, kwa hiyo unene mdogo unaopotea huchukua ugumu mwingi. Bamba la milimita 7 lililoliwa na kutu na vumbi hadi milimita 6 limepoteza sehemu ya saba tu ya unene, lakini limepoteza takriban asilimia 37 ya ugumu wake. Hii ndiyo hali ambayo mtu ana haki ya kusema springi imelainika, pamoja na ile ya bamba lililovunjika. Katika fungu la mabamba matano yenye unene sawa, kuvunjika kwa moja huondoa karibu sehemu ya tano ya ugumu na kuyabebesha manne yaliyobaki mzigo ambao hayakuupangiwa. Ufa wenyewe hupenda kuanzia kwenye kishimo cha kutu, mara nyingi mahali ambapo bamba la juu limeufunika, na ndiyo maana jicho likipita juu juu haliuoni.

Mafundi wengi, kwa nia njema kabisa, hutibu kutu hiyo kwa kumwagia oili chafu ya injini. Mlio unaisha kwa siku mbili tatu na gari linaonekana limelainika. Baada ya hapo oili hiyo inashika vumbi la barabarani na kuligeuza kuwa kitu kama msasa wa majimaji kati ya mabamba, na inayoteremka hadi kwenye bushi za raba huzivimbisha na kuziozesha. Njia iliyo ngumu zaidi lakini yenye heshima kwa gari ni kulifungua fungu, kulisugua kila bamba kwa brashi ya waya, kulipima unene, kulitazama kwa makini kama lina ufa, kisha kulipaka grisi yenye grafiti na kulifunga upya kwa senta boliti mpya. Tahadhari moja ni ya lazima: fungu la springi linabanwa kwa nguvu kubwa, na senta boliti haifunguliwi bila kulishika fungu kwa jiliwa au klampu imara, kwani mabamba yakifyatuka yanaweza kuvunja mkono.

Kabla ya kufungua chochote, pima. Weka gari mahali tambarare, likiwa tupu, na upepo wa tairi ukiwa sahihi. Usipime kutoka ardhini, kwa kuwa hapo utakuwa unapima na tairi pia. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, na uandike. Tofauti ndogo ya kushoto na kulia si lazima iwe ugonjwa, maana tangi la mafuta na dereva vina upande wao, na Land Rover za zamani zenye springi za mabamba zilitoka kiwandani zikiwa na springi ya upande wa dereva iliyopinda zaidi ya mwenzake kwa sababu hiyohiyo. Tofauti ya sentimita mbili na zaidi, au gari lililoinama kona moja tu, inadai maelezo. Ingia chini utazame ile raba: ikiwa imepasuka, haipo kabisa, au chuma cha ekseli kinachoikabili kimeng'arishwa na kugongwa, huo ni ushahidi ambao hauhitaji mtaalamu kuusoma.

Mimi niliongeza kipimo ambacho nilifundishwa na mzee mmoja aliyeendesha malori ya mbao kabla sijazaliwa. Nilifinyanga donge la udongo wa mfinyanzi, ukubwa wa limau, nikalibandika juu ya ekseli mahali panapokabili raba, upande wa kulia na wa kushoto, baada ya kuliondoa lile bamba la nyongeza. Kisha nikapakia magunia sita ya viazi na kwenda mjini kwa mwendo wangu wa siku zote. Niliposhuka na kulala chali chini ya gari, donge la kulia lilikuwa limebonyea kidogo juu, bado lina umbo lake. La kushoto lilikuwa limekuwa bapa kama sarafu, na alama za mistari ya raba zilikuwa zimechapika juu yake waziwazi kama muhuri. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeishi na kishindo hicho nikiamini kinatoka pande zote mbili.

Tulipoifungua springi ya kushoto, bamba la tatu lilikuwa limekatika, na ule mpasuko ulikuwa na rangi mbili: sehemu kubwa nyeusi ya kutu, ikionyesha kwamba ufa ulikuwepo zamani, na ukanda mwembamba unaong'aa mahali chuma kilipoachia mwishoni. Kipande kilichokatika kilikuwa kimeshikiliwa na klipu ya pembeni, kwa hiyo ukilitazama fungu kwa nje lilionekana zima. Shokapu zote mbili za nyuma zilikuwa zimelowa mafuta. Na tairi, jambo linalonitia uchungu hadi leo, zilikuwa na upepo wa psi 45 ambao nilijaza kwa ajili ya mzigo wa msimu wa mavuno nikauacha humo miezi yote. Tairi nayo ni springi, tena ya kwanza kukutana na barabara, na gari tupu lenye tairi ngumu kama gogo haliwezi kuokolewa na kitu kingine chochote kilicho juu yake.

Kuna madhara ya springi kulala ambayo hayahusu starehe hata kidogo, nami nayataja kwa sababu ni mazito kuliko kiuno. Hilux nyingi za kizazi hicho zina vali ya breki inayokadiria mzigo: mkono wa chuma unaunganisha ekseli ya nyuma na vali iliyofungwa kwenye chesisi, na nyuma ya gari ikishuka, vali inaelewa kwamba mzigo umepakiwa na kuruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda magurudumu ya nyuma. Springi zikilala, vali inadanganyika. Gari ni tupu, lakini breki za nyuma zinapewa nguvu ya gari lenye mzigo, na kwenye lami iliyolowa magurudumu ya nyuma hufunga mapema na mkia kutaka kupita mbele. Kosa hilohilo hutokea kwa upande mwingine: ukinyanyua gari kwa kuongeza mabamba bila kuurekebisha ule mkono, vali inadhani gari halina kitu hata likiwa limejaa, na breki za nyuma zinapungua nguvu wakati zinapohitajika zaidi. Sijawahi kusikia gereji ikimwambia mteja habari ya vali hiyo wakati wa kuongeza springi. Zaidi ya hayo, nyuma ikilala pua ya gari hunyanyuka, na taa za mbele zinawapofusha wanaokuja badala ya kumulika barabara.

Wenye Hilux za mbele yenye tosheni, vile vyuma virefu vinavyofanya kazi kwa kujisokota, wana jaribu lao wenyewe. Tosheni zina boliti ya kurekebishia kimo, na kwa spana moja gari hunyanyuka kwa dakika 10. Boliti hiyo hairudishi ujana wa chuma wala haiongezi ugumu wake, inabadilisha tu mahali kinapoanzia. Ikitumika kurudisha kimo cha kiwandani ni sawa kabisa, mradi alaimenti ipimwe baada ya hapo, kwa kuwa kimo cha mbele kikibadilika, mwelekeo wa magurudumu nao hubadilika. Ikikazwa kupita hapo ili gari lionekane refu, nafasi ya gurudumu kushuka inaisha, na kila shimo linaanza kugonga kwa upande wa pili, yaani gurudumu linaning'inia na kufika mwisho wake wa chini. Mtu amekimbia raba ya juu akaikuta ya chini.

Sasa, ikiwa vipimo vimeonyesha kwamba springi zimelala kweli, kuna njia tatu ambazo fundi atakutajia. Kuongeza bamba kunafaa kwa gari ambalo karibu kila siku linabeba mzigo mzito, na hapo nakubali kwamba ni uamuzi wa busara, mradi mwenye gari anajua analipia nini. Kupinda upya mabamba yaleyale kuna sura mbili. Kukipindwa baridi, kwa mashine ya kusukuma au kwa nyundo, chuma hubaki na sifa zake na gari hunyanyuka, ingawa kwa kawaida sehemu ya kimo hicho hupotea tena baada ya muda. Kukipindwa kwa moto wa mkaa ni jambo ninalolipinga bila kusita. Chuma cha springi kilipata sifa yake kwa kupashwa joto la zaidi ya nyuzi 800, kuzimwa kwenye mafuta, kisha kupashwa tena kwa kipimo kati ya nyuzi 400 na 500 ili ugumu usigeuke kuwa wepesi wa kuvunjika. Mhunzi akilipasha bamba hadi liwe jekundu na kuliacha lipoe lenyewe, amelirudisha kuwa chuma cha kawaida, na litalala tena baada ya safari chache. Akilitumbukiza kwenye ndoo ya maji, litakuwa kama kioo. Njia ya tatu ni springi nyingine, iwe mpya au iliyotumika, na kwa zilizotumika, kama zile zinazouzwa Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, nenda na kipimo cha unene na kamba ya kupimia upinde, ununue jozi iliyotoka gari moja, na uhesabu mabamba ya kila upande.

Nilinunua jozi iliyotumika yenye idadi ya mabamba ya kiwandani, shokapu mpya mbili, bushi mpya na yuboliti mpya, kwa kuwa yuboliti iliyokwisha kuvutika haifai kukazwa mara ya pili. Boliti za bushi tulizikaza mwisho, baada ya gari kushushwa na kusimama kwa uzito wake, ili raba zisijisokote tangu siku ya kwanza, na baada ya kilomita 300 nilirudi kukaza yuboliti, ambazo zote nne zilikubali robo mzunguko. Upepo wa tairi ninaupunguza likiwa tupu na kuuongeza kabla ya kupakia. Likiwa tupu bado linarusha, kama pikapu ya tani moja inavyorusha. Nilibandika udongo tena kwenye msimu wa mavuno uliofuata, magunia sita yaleyale na barabara ileile, na madonge yote mawili yalifika mjini na alama za vidole vyangu zikiwa bado juu yake.